Unajenga Kakuma ama Lodwar? Kwanza pima kama udongo unakunywa maji

Hebu nikuulize kitu. Ile ploti unayoiota kila ukilipwa, ama ile ambayo tayari umemwaga kokoto na simiti, maji ya mvua yataenda wapi? Usiniambie "yataingia chini tu, huku ni jangwa." Jibu hilo nimelisikia Lodwar, nimelisikia Kakuma, na nimelisikia kwa shangazi yangu huko Nakalale, wiki chache kabla maji ya ua wake hayajaingia jikoni kwa jirani.

Marafiki zangu wa Nairobi hucheka wakisikia mafuriko Turkana. "Si nyinyi ndio mnalia kila siku hamna mvua?" Ni kweli, Lodwar hupata takriban milimita 200 kwa mwaka mzima. Lakini hizo milimita hazina adabu. Zinapotea miezi na miezi, halafu jioni moja zinakuja na deni lote. Na wakati mwingine hata hazijakunyeshea wewe. Zimenyesha milimani upande wa mpaka wa Uganda, wewe umekaa juani Kakuma, unashtukia laga ya Tarach inashuka ikiwa rangi ya chai ya maziwa. Lodwar nako kuna Kawalase, laga inayokutana na mto Turkwel pale mjini. Anayeishi karibu nayo hahitaji kuambiwa.

Ya laga tumeyazoea, yana picha nzuri za simu. Leo nataka tuongee kuhusu maji ambayo hayapigwi picha: yale yanayoanguka juu ya mabati yako mwenyewe na juu ya ua wako mwenyewe. Hayo si ya Uganda. Hayo ni yako, na ukiyatoa kwako yanaenda kwa mtu.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mjengo umeshika kasi. Kakuma imepewa hadhi ya manispaa. Machi 2025 Rais Ruto alizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kudumu ambapo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma pamoja. Kambi ilianza 1992, Kalobeyei ikaongezwa miaka ya 2015 na 2016, na leo ukijumlisha zote mbili unaongea kuhusu takriban watu 300,000. Huo si mji mdogo. Na tofauti kati ya kambi na mji, ukiuliza tone la mvua, ni simiti. Paa la turubai likiwa mabati, ua wa mchanga ukiwa sakafu, njia ya mbuzi ikiwa barabara ya kabro, kila kipande cha ardhi kinachofunikwa ni mdomo mmoja umezibwa.

Sasa twende Nakalale. Shangazi alijenga vyumba sita vya kupangisha, mabati juu, paa la kama mita 10 kwa 6. Fundi akachimba shimo la maji, mita moja na nusu kila upande, kina mita mbili, akalijaza mawe. Alipoulizwa kama linatosha, alisema, "Mama, huu ni mchanga. Hata umwage tanki zima, kesho halipo." Shangazi akamwamini, na hata mimi nilimwamini. Nilisomea ujenzi mihula mitatu kabla karo haijakatika, na niliketi pale nikinywa chai bila kufungua mdomo. Mvua ya kwanza, shimo lilijaa. Mvua ya pili, kesho yake, ikakuta bado limejaa. Jirani ni mama mwenye mkahawa mdogo wa chapati, na jiko lake liko chini kidogo ya ua wetu. Gunia lake la unga liliharibika lote. Hakupiga kelele. Alilileta tu mlangoni kwetu, akaliweka chini, akaondoka.

Ndipo nikarudi kwenye madaftari yangu ya chuo.

Piga hesabu na mimi, si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 40 kwa saa moja, umepata lita 2,400. Hiyo ni mitungi 120 ya lita 20. Shimo la fundi lilikuwa na ujazo wa lita 4,500, na hapo ndipo sote tulipodanganyika, kwa sababu ukilijaza mawe nafasi inayobaki kati ya mawe ni kama theluthi moja tu. Lita 1,500. Kwa hivyo lita 900 zilikuwa zinategemea udongo uzinywe hapo hapo, saa hiyo hiyo. Na hapo sijahesabu ua wenye simiti. Swali zima likawa moja: udongo wa pale unakunywa kwa kasi gani? Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kuna kipimo cha swali hilo, na hakihitaji mashine. Wahandisi wa Uingereza wamekiandika kabisa kwenye mwongozo wao wa mashimo ya kunyonya maji, na mantiki yake inafanya kazi popote penye udongo. Unachimba shimo pale hasa ambapo shimo lako la maji litakuwa, hadi kina chake hasa. Si penye kivuli, si pale ambapo ni rahisi kuchimba. Unalijaza maji haraka. Unachomeka fimbo yenye alama, unashika saa. Unahesabu muda ambao maji yanachukua kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo moja. Likiisha unajaza tena. Halafu mara ya tatu. Siku hiyo hiyo ama siku zinazofuatana. Ukimaliza, unachukua matokeo mabaya zaidi kati ya hayo matatu, hayo ndiyo ya kujengea.

Mbona mara tatu? Hapa ndipo Turkana inapoingia kabisa. Udongo ambao haujaonja maji miezi sita, mara ya kwanza unakunywa kama mtu aliyetembea kutoka Lokichoggio kwa miguu. Utafurahi, utamwita fundi umpongeze. Lakini mvua halisi haiji glasi moja. Mara ya pili nafasi ndogo ndogo kati ya chembe zimejaa, na mara ya tatu ndipo unaona tabia yake ya kweli. Nilichimba shimo la majaribio kwa shangazi, urefu mita moja, upana sentimita 30, nikajaza maji kina cha mita moja. Mara ya kwanza: dakika 50. Mara ya pili: zaidi ya saa mbili. Mara ya tatu nilianza asubuhi na nikamaliza jua likiwa limeshavuka utosi, karibu saa tano nzima. Ni udongo ule ule, shimo lile lile.

Hesabu yake ni hii. Kati ya alama mbili zimepita lita 150. Zimepita kwenye kuta na sakafu ya shimo, ambazo ukizipima hadi nusu ya kina ni mita za mraba 1.6. Gawanya, unapata kina cha milimita 94. Kwa dakika 50, hiyo ni zaidi ya milimita 110 kwa saa. Kwa saa tano, ni 19 tu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huweka mchanga kwenye zaidi ya milimita 30 kwa saa, udongo wa tifutifu kati ya 10 na 20, na mfinyanzi kati ya 1 na 5. Kwa hivyo "mchanga" wa shangazi ulikuwa mchanga kwa macho. Chini yake kulikuwa na tabaka jingine, laini, lililoshikana, la aina ile inayoachwa na mafuriko ya zamani kwenye tambarare. Mtu akikanyaga juu hawezi kulijua.

Hata ule mchanga wa juu una siri yake. Matone makubwa yakipiga ardhi iliyo uchi, yanavunja chembe, vumbi laini linaingia kwenye vitundu na kuviziba, kisha jua linakausha. Unapata ganda jembamba kama ukoko wa ugali. Ongeza kwato za mbuzi, ongeza bodaboda zinazokata kona pale pale kila siku. Ndiyo maana utaona maji yanakimbia juu ya mchanga wa Kakuma kana kwamba ni lami, halafu yanachimba makorongo kati ya nyumba. Ukichimba inchi mbili chini, udongo ni mkavu kabisa.

Usidhani ni shida ya huku tu. Kama unasoma hii ukiwa Ruai ama Syokimau, unaujua ule udongo mweusi, unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi mvua ikinyesha. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipozamisha mitaa ya Nairobi, tuliongea sana kuhusu mito na watu waliojenga kando yake. Hayo ni kweli. Tuliongea kidogo sana kuhusu maelfu ya nyua zilizofunikwa kabro, kila moja ikisukuma maji yake nje ya geti.

Haya, sasa ngoja nikuambie kitu kigumu kuhusu kipimo hiki, ambacho mwongozo wa Uingereza haukuwahi kukifikiria. Kinamwaga maji. Shimo langu lilimeza lita 300 kila mara, mara tatu, lita 900. Mitungi 45. Hapa kwetu kuna watu wanaotembea kutafuta mmoja. Nilipokuwa najaza mara ya pili, mama mmoja mzee alisimama na mtungi wake mtupu akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Kijana, wewe unalisha nini hapo?" Nilijaribu kueleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama naweza kumpimia udongo kwa kutumia mtungi wake, kisha nimrudishie maji. Sikuwa na jibu. Nilimjazia mtungi.

Kwa hivyo sitakuja hapa nikuambie "nenda ukamwage lita 900" kana kwamba ni maji ya bomba la Kileleshwa. Kuna njia tatu. Kwanza, usitumie maji ya kunywa. Maji ya kisima cha mchanga cha laga ama yenye chumvi yanatosha, mradi si yenye matope, maana matope yataziba shimo na kukupa jibu la uongo. Pili, majirani wanne mkijenga kwenye mstari mmoja, pimeni pamoja badala ya kila mtu kivyake, ingawa udongo unaweza kubadilika ndani ya ploti moja, kwa hivyo mkiona rangi tofauti mkichimba, pimeni tena. Tatu, kuna kipimo kidogo zaidi, ambacho Waingereza hukitumia kwa mashimo ya majitaka. Shimo la sentimita 30 kila upande, na maji kina cha sentimita 30. Hiyo ni lita 27, mtungi mmoja na kidogo. Jaza, acha lilale na maji usiku, asubuhi jaza tena na uhesabu muda wa kushuka sentimita 15 za katikati, robo tatu hadi robo moja. Rudia. Halitakupa jibu kamili la maji ya paa, lakini litakuonyesha kama fundi anakuongopea.

Na hicho kidogo kina faida nyingine. Kwa majitaka, kanuni yao ni kwamba zile sentimita 15 zikiisha chini ya nusu saa, udongo unapitisha haraka mno, na zikichukua zaidi ya saa nne na dakika kumi, ni polepole mno. Haraka mno? Ndiyo, hata hiyo ni noma. Lodwar inakunywa maji ya chini ya ardhi, yale yanayojazwa upya na mto Turkwel kupitia mchanga wa kingo zake. Ukichimba choo kwenye mchanga unaopitisha kama chujio la chai, hicho choo hakijai, unajisifu kwa wageni kwamba miaka mitano hujakinyonya. Jiulize kilichokuwa ndani kimeenda wapi, na kisima cha jirani kiko umbali gani. Miongozo ya dharura ya Sphere inataka angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji ya chini, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji hayo.

Tukirudi kwenye siasa kidogo, maana hii nayo ni siasa. Majengo makubwa huku hupimwa udongo. Utaona gari na vijana wenye kofia za kazi. Lakini mara nyingi swali wanalouliza ni kama ardhi itabeba uzito. Kama itakunywa maji ni swali jingine kabisa, na karatasi ya la kwanza haijibu la pili. Mradi mkubwa unaohitaji ripoti ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 1999 huenda NEMA, na wewe kama mwananchi una haki ya kuisoma na kutoa maoni. Ifungue sehemu ya maji ya mvua. Kama imeandikwa "maji yataelekezwa kwenye mtaro uliopo", nenda kautazame huo mtaro kwa macho yako, uufuate mpaka mwisho. Nimewahi kuufuata mmoja uliokwisha nyuma ya darasa la shule.

Manispaa mpya ina nafasi ambayo Nairobi iliipoteza zamani: bado haijafunikwa yote. Kumwomba mwenye ploti alete karatasi moja ya kipimo cha unyonyaji kabla ya kupitishiwa ramani si gharama ya kumfukuza mtu mjini. Kijana mmoja, sururu, fimbo, simu yenye saa. Hiyo ni kazi, na iko hapa. Vijana wangapi wa Kakuma, wenyeji na wakimbizi, wamesoma ufundi na wanakaa kijiweni? Kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti watu hupigania lami, na lami naipenda pia. Lakini lami bila kujua maji yake yanaenda wapi ni kumtengenezea jirani mto.

Turkana tunalo somo letu kuhusu kuamini ardhi bila kuipima. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza hifadhi kubwa ya maji chini ya tambarare za Lotikipi, ikikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Makadirio yalianzia kwenye picha za setilaiti na rada. Nilikuwa mtoto, nakumbuka watu wazima wakicheza. Baadaye maji yalipotolewa na kupimwa, yakakutwa na chumvi nyingi kuliko inavyofaa kunywa. Maji yako, ni kweli yako. Ila setilaiti haionji.

Kwa shangazi tulifanya nini? Kwa milimita 19 kwa saa, lile shimo la fundi lilikuwa linakunywa kama lita 115 kwa saa tu. Kulichimba zaidi kungetupeleka ndani zaidi ya lile tabaka gumu. Tukachimba mtaro mrefu badala yake: mita 10, upana sentimita 60, kina mita 1.2, mawe ndani. Nafasi kati ya mawe ni lita 2,400, na kwa sababu kuta zake ni ndefu, unakunywa mara mbili ya lile shimo. Tumeuweka zaidi ya mita tano kutoka ukutani, ili usiloweshe msingi. Nusu ya paa tumeielekeza kwenye tangi, kwa sababu kuzika maji yote ardhini Turkana wakati unanunua ya kufulia ni wendawazimu. Na ule upande wa ua uliokuwa unangoja simiti, shangazi ameuacha na mwarobaini wake.

Ukichimba shimo la majaribio, tafadhali usiingie ndani likizidi kiuno. Mchanga mkavu huporomoka bila salamu. Na lifunike usiku. Mbuzi hawasomi gazeti.

Mama wa chapati tulimlipa gunia lake. Mvua bado haijaja tangu mtaro uishe. Juzi alipita, akautazama, akauliza unameza kiasi gani, nikamwambia. Akasema sawa, lakini unga ameupandisha juu ya meza, na utabaki hapo mpaka ajionee mwenyewe.